Je, Moyo Uliovunjika Ni Ugonjwa?

 Safari hii hatuandiki juu ya mchango wa mabati. Tunaandika juu ya swali tulilopewa na mama mmoja wa kwaya, nasi tumelala nalo na kuamka nalo kwa miezi kadhaa.

Mama huyo alialikwa kwenye mafunzo ya shirika moja. Huko waliulizwa maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi. Unalala usiku? Unaota ndoto za vita? Unashtuka mlango ukigongwa? Kuna mahali unapoogopa kupita? Akajibu kweli tupu, maana ni mama asiyejua kusema uongo. Mwishoni binti aliyekuwa akiuliza alijumlisha alama, akamwambia kwa upole kwamba ana troma, kwamba kuna matibabu ya kuzungumza, na kwamba anaweza kuanza juma lijalo. Jioni akaja kwetu, akaketi kwenye benchi la nje, akasema: "Pasta, wameniambia mimi ni mgonjwa. Sawa. Sasa yule aliyechoma nyumba yangu na kumuua mume wangu mlangoni, yeye ni mzima?"

Hatukuwa na jibu. Tulimpa chai, tukaomba pamoja naye, akaenda zake.

Majuma mawili baadaye mzee mmoja wa kanisa alipitia mafunzo yale yale, naye akarudi akicheka. Ni mzee ambaye kwa miaka mingi hupiga kelele usiku. Majirani walisema amerogwa. Wengine walisema ana damu ya mtu mikononi mwake ndiyo maana halali. Hata mke wake alikuwa amehamia kulala kwa binti yao. "Pasta," akatuambia, "kumbe kina jina! Hata Wazungu wanakipata, askari wao wakirudi kutoka vitani. Si uchawi, si laana." Mke wake alirudi nyumbani mwezi ule ule.

Neno ni lile lile moja. Mama lilimtukana, mzee lilimfungua. Hapo ndipo swali letu linapokaa: haya mazungumzo ya kuponya moyo, ambayo wasomi huyaita saikotherapia, je, ni tawi la udaktari kama vile sindano na vidonge? Na anayekwenda kuzungumza, je, ni mgonjwa? Wapo ndugu watakaosema hili ni swali la watu wa chuo. Sivyo. Jibu lake ndilo linaloamua nani atasikilizwa katika makazi haya na nani ataambiwa arudi nyumbani, nani atapewa dawa na nani atafungiwa chumbani aombewe.

Kwanza tuueleze udaktari kwa haki, maana si vema kumhukumu mtu asiyekuwepo. Chukua malaria, ambayo hakuna nyumba hapa isiyoijua. Mtoto ana homa na anatetemeka: hizo ni dalili. Muuguzi anamtoboa kidole, vipimo vinaonyesha vimelea kwenye damu: hicho ndicho kisababishi, nacho kimo ndani ya mwili wa mtoto. Ugonjwa una jina lake, na jina lina dawa yake. Dawa ya malaria haiui minyoo. Halafu liko jambo jingine ambalo tunalisahau. Dawa haijali nani ameitoa. Muuguzi akiwa amenuna, dawa mseto inafanya kazi vilevile. Mgonjwa akiwa haiamini, inafanya kazi vilevile.

Wanaosema tiba ya mazungumzo ni ya kitabibu wanaipanga kwa mpango huo huo. Kuna dalili, kuna ugonjwa wenye jina, kuna kitu kilichoharibika ndani ya mtu, na kuna mbinu maalum ya kuzungumza inayokitengeneza. Jina alilopewa mama yetu liliingizwa katika kitabu cha magonjwa cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha, na miongoni mwa waliolipigania sana walikuwa askari waliotoka huko pamoja na madaktari waliowasikiliza. Mzee wetu alisema kweli. Kabla ya jina hilo askari wa namna ile aliweza kuitwa mwoga tu. Jina likamfungulia mlango wa hospitali. Ndugu zetu Wanyarwanda, baada ya mauaji ya 1994, walikuwa na neno lao la ihahamuka, lenye picha ya mtu aliyekatika pumzi kwa hofu. Hawakuhitaji kusubiri kitabu.

Lakini tusikilize pia lugha yetu wenyewe inavyopanga mambo haya. Mtoto mwenye malaria tunasema anaumwa. Aliyepigwa na jambazi hatusemi anaumwa, tunasema ameumizwa. Maneno haya mawili ni mtoto na ndugu yake, yote yametoka katika kuuma, lakini hayakai nyumba moja. Anayeumwa tunamuuliza, "Unasikia nini?" Aliyeumizwa tunamuuliza, "Nani amekufanyia hivi?" Sasa mtu akija na karatasi ya maswali, akauliza mambo yote ya kundi la kwanza na asiulize hata moja la kundi la pili, aliyeumizwa anatoka pale akiwa mgonjwa. Nyumba iliyochomwa imegeuka kuwa alama kumi na saba kwenye karatasi. Tunadhani hicho ndicho mama alichokisikia, ingawa binti yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na kazi yake ilikuwa kumtafutia msaada.

Swali hili si geni. Wenyewe walioanzisha tiba hii waligombana juu yake. Sigmund Freud wa Vienna alikuwa daktari, na mwaka 1895 yeye na mwenzake Josef Breuer walitoa kitabu juu ya wagonjwa waliopata nafuu kwa kusimulia yaliyowapata. Mmoja wa wagonjwa hao, dada mwenye akili sana, ndiye mwenyewe aliyeiita tiba ya mazungumzo. Baadaye mmoja wa wafuasi wa Freud, Theodor Reik, ambaye hakusomea udaktari, alishtakiwa kwa kutibu watu bila ruhusa ya udaktari. Freud akaandika kijitabu cha kumtetea mwaka 1926. Humo yeye, daktari, alikataa kazi hii imezwe na udaktari, kwa sababu masomo ya mifupa na maini hayamfundishi mtu kusikiliza maisha ya mwenzake. Mwaka uliofuata akaongeza kwamba anayefanya kazi hii anaweza kuitwa mchunga roho, ila asiye wa kanisa. Tulipolisoma hilo tulitabasamu. Lakini tusijipige kifua mapema. Mwaka 1928 alimwandikia rafiki yake Oskar Pfister, mchungaji wa Zürich, kwamba alitaka kuilinda kazi yake na madaktari, na pia kuilinda na makasisi. Freud hakumwamini Mungu, nasi hatumfanyi mzee wa kanisa. Hata hivyo alipofika miaka 82, mwaka 1938, alifungasha vitu vyake na kukimbilia London kwa sababu alikuwa Myahudi. Katika jambo hilo ni mwenzetu.

Yuko mwingine aliyekwenda mbali zaidi. Thomas Szasz, aliyeondoka Hungaria mwaka huo huo wa 1938 akiwa kijana na kuwa daktari wa akili huko Marekani, aliandika kitabu mwaka 1961 akisema ugonjwa wa akili si ugonjwa. Kama hakuna kidonda katika mwili, alisema, basi tunatumia neno ugonjwa kama fumbo tu, kwa matatizo ya maisha. Tunakiri kwamba zamani tungempenda sana mtu huyu. Wahubiri wengi hapa wanafikiri kama yeye bila kumjua. Wao wanasema si ugonjwa, ni pepo. Yeye alisema si ugonjwa, ni maisha. Wote wawili wanalikataa jina la ugonjwa.

Na hapa tunapaswa kuungama. Mwaka 2011 wazazi wa kijana mmoja walituletea mtoto wao aliyekuwa akisikia sauti za watu wasioonekana. Kituo cha afya kilikuwa kimempa vidonge, navyo vilimfanya awe mzito na kutetemeka mikono. Wazazi walituuliza kama aendelee navyo. Sisi, tukiwa tumetoka chuo cha Biblia miaka michache tu na tukiwa na bidii nyingi kuliko busara, tuliwaambia kwamba imani haichanganywi. Tukafunga pamoja nao siku saba. Siku ya nane alitulia, tukashuhudia mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi. Mwezi wa pili akaondoka usiku. Walimkuta baada ya siku tatu kando ya ziwa, amevimba miguu, haijui hata sura ya mama yake. Baba yake hakutulaumu. Tungefurahi kama angetulaumu.

Kijana yule hakuwa na huzuni ya kuvunjiwa nyumba. Hakuwa na dhambi ya kuungama, wala mkasa wa kusimulia. Alikuwa anaumwa, kama anavyoumwa mtu mwenye kifafa au mwenye kisukari, na mazungumzo yetu yote yalipita juu ya kichwa chake kama upepo. Leo ni mtu mzima, anatumia dawa nyingine inayompatana zaidi, na ndiye anayefagia kanisa kila Jumamosi. Kwa hiyo msomaji akituona katika ukurasa huu tunaubishia mtazamo wa kitabibu, asidhani tunamrudisha mtu yeyote kando ya ziwa. Luka alikuwa tabibu na Paulo hakumwambia aache kazi.

Turudi kwa mama wa kwaya, maana kesi yake ni tofauti, nayo ndiyo kesi ya wengi wetu.

Mtu anaweza kusema: acheni maneno mengi, tuulize tu kama mazungumzo yanaponya. Ni sawa, na hapa wenye elimu wamefanya kazi ya kuheshimiwa, tena sehemu kubwa wameifanya kati yetu sisi wakimbizi. Huko Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wataalamu kutoka Ujerumani waliwagawa kwa bahati nasibu wakimbizi 43 wa Sudani waliokuwa na kiwewe. Wengine walisaidiwa kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya, hadi hadithi ikaandikwa na kusomwa. Wengine walipewa ushauri wa kutiwa moyo. Wengine walifundishwa tu juu ya kiwewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004: baada ya mwaka mmoja, waliobaki na kiwewe kati ya waliosimulia maisha yao walikuwa asilimia 29, na katika makundi mengine mawili asilimia 79 na 80.

Hapa Nakivale kwetu walifanya tena, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Safari hii walikuwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, na waliozungumza nao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kwa muda mfupi. Waliosimulia maisha yao, asilimia 70 hawakuwa tena na kiwewe. Waliopewa ushauri wa namna nyingine, asilimia 65. Wale ambao hawakupewa tiba bali walifuatiliwa tu, asilimia 37.

Hesabu hizi tumezitazama mara nyingi. Mtu wa mtazamo wa kitabibu atasema: mnaona, imepimwa kama dawa, na imeponya kama dawa. Mwenzake atajibu: lakini hapo Nakivale mbinu mbili tofauti zimefika karibu mahali pamoja, na aliyeitoa ni jirani tu, ni dawa gani ya malaria inayofanana hivyo na nyingine isiyo yake? Mmarekani Bruce Wampold aliandika kitabu kizima mwaka 2001 kutetea hoja ya namna hiyo. Alisema mbinu hazitofautiani sana, na kwamba kinachobeba uzito zaidi ni uhusiano wa watu wawili, na imani yao katika wanachofanya pamoja. Kabla yake, mwaka 1961, Jerome Frank alikuwa amewaweka waganga wa kila namna kwenye meza moja na matabibu wa mazungumzo, akasema wote huwapokea watu waliokata tamaa na kuwarudishia tumaini.

Tulipenda sana kuishia hapo. Inampendeza mchungaji kuambiwa kwamba upendo na benchi vinatosha. Lakini Imvepi inatukatalia, maana kule waliotiwa moyo tu hawakupata nafuu kama wenzao. Na Kivu, kwetu wenyewe, inatukatalia zaidi. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo kutoka vijiji 15 vya huko, kwa mama zetu na dada zetu waliobakwa katika vita. Katika vijiji vingine waliketi kwa vikundi na kufundishwa njia maalum ya kuyachunguza mawazo yanayowatesa. Katika vingine walisikilizwa na kusaidiwa mmoja mmoja. Waliowaongoza walikuwa wasaidizi wa huko huko, si madaktari. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili kubwa za huzuni au wasiwasi katika vikundi vile walikuwa asilimia 9, na kwa wale wengine asilimia 42. Waliosikilizwa kwa upendo peke yake walipata nafuu ndogo kuliko walivyostahili. Sisi tuliokuwa tukisema "mwache alie, Mungu anaona" tunapaswa kuyasoma hayo tukiwa tumeinamisha kichwa.

Basi je, madaktari wameshinda? Tazameni vizuri walichofanya wale mama katika vikundi. Kati ya mawazo yanayomla mwanamke aliyetendewa hivyo liko hili: kosa ni langu, kwa nini nilikwenda shambani peke yangu, kwa nini sikupiga kelele. Katika kikundi wazo hilo linawekwa katikati, linaulizwa kama shahidi anavyoulizwa barazani. Je, ni kweli? Nani alikuwa na silaha? Ungepiga kelele, nani angekuja? Mwishoni mama analiona kwamba ni uongo. Na akishaliona hivyo, anaanza kulala.

Hilo ndilo tunaloomba wasomaji walishike, kwa sababu limetuchukua muda mrefu kulipata. Kidonge hakiwezi kuwa cha kweli wala cha uongo. Kinafanya kazi au hakifanyi. Hakuna anayeuliza kama dawa mseto inasema kweli. Lakini kilichomponya mama yule ni kuijua kweli juu ya jambo lililotokea, na kuikubali yeye mwenyewe. Hakuna mtu angeweza kumkubalia. Kazi ya namna hiyo inafanana zaidi na ushahidi kuliko na sindano. Inaweza kupimwa kama dawa, na ni lazima ipimwe, ili tusiwadanganye watu. Ila kupimwa kama dawa hakuifanyi kuwa dawa. Hata shule tunaipima kwa mitihani, na mtoto asiyejua kusoma hatumwiti mgonjwa.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi pale ambapo wazo linalotesa si la uongo. Yuko mtu mmoja, ametupa ruhusa kuandika bila kutaja kijiji chake wala alikotoka. Alibeba bunduki akiwa na miaka kumi na sita. Alichukuliwa kwa nguvu, hilo ni kweli. Lakini baadaye, akiwa na miaka ishirini, alikuwa akitoa amri yeye mwenyewe, na kuna kijiji ambacho hawezi kulitaja jina lake bila kushika ukuta. Dalili zake ni zile zile za mama wa kwaya: halali, anaota, anashtuka. Karatasi ya maswali ingewapa alama sawa, na jina moja la ugonjwa, na matibabu yale yale.

Sisi hatuamini kwamba ni kitu kimoja. Usiku wake una sababu. Kitu kinachomwamsha saa nane ni dhamiri, na kama kungekuwa na njia ya kuinyamazisha kabisa katika vikao kumi, tungeogopa kumpeleka. Daudi alipotembelewa na Nathani hakuwa mgonjwa, tena alikuwa akilala vizuri kabisa. Na ujumbe wa nabii ulikuja kumharibia usingizi. Hata hivyo mtu huyu naye ni binadamu, alichukuliwa akiwa mtoto, na sehemu ya mzigo wake si yake. Kuna ya kwake na kuna aliyobebeshwa, na kuyatenganisha ni kazi ngumu inayohitaji mtu mwenye ujuzi wa mazungumzo kuliko tulio nao sisi. Tumemtafutia mshauri. Tulimwambia mshauri huyo tangu mwanzo kwamba hatuombi amfanye asahau. Naye mshauri, ambaye si mtu wa dini, alitujibu kwamba hata yeye haombi hivyo. Bado halali vizuri, nasi hatumharakishi.

Liko jambo jingine la aibu kidogo, tuliseme haraka. Watu wanakuja kutuomba barua: "Pasta, niandikie kwamba nimechanganyikiwa." Wanajua kwamba kati ya vigezo vya UNHCR vya kupelekwa nchi ya tatu kimo cha mahitaji ya kitabibu, na kimo cha walionusurika na mateso, nao wanadhani ugonjwa una mlango ambao huzuni haina. Hata baada ya Marekani kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, maombi hayo hayajakoma. Hatuandiki barua hizo. Lakini hatuwacheki wanaoziomba. Msaada ukipitia mlango wa ugonjwa peke yake, watu watajifunza kuugua, na aliyefiwa na watoto watatu akabaki na akili timamu ataonekana hana shida.

Na wakati mwingine kinachoitwa ugonjwa ni njaa. Mama asiyejua watoto watakula nini kesho hatalala, na hakuna mazungumzo yatakayomlaza. Mwongozo uliokubaliwa na mashirika ya misaada mwaka 2007 juu ya afya ya akili wakati wa dharura unasema hivyo kwa namna yake. Umeuchora msaada kama piramidi: chini kabisa usalama, chakula na makazi kwa wote, kisha familia na jumuiya, kisha wasaidizi waliofundishwa, na juu kabisa, kwenye ncha, wataalamu kwa wachache. Eliya alipochoka na kuomba kufa chini ya mti, malaika hakuanza na mazungumzo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Maongezi yalikuja baadaye, mlimani.

Mama wa kwaya tulimrudia mwezi uliopita. Tulimwambia tunaloliamini sasa: kwamba hatumwoni kuwa mgonjwa, kwamba swali lake juu ya aliyemchomea nyumba ni swali halali ambalo halitatibiwa na mtu yeyote, ila litajibiwa na haki, ya wanadamu au ya Mungu, na kwamba hata hivyo aende kwa yule binti, kwa sababu mazungumzo yale yamewasaidia wengi wa namna yake na hatuna haki ya kumnyima. Alifikiri. Akasema atakwenda, lakini kwanza atamwomba binti aandike juu ya karatasi yake kwamba aliumizwa, na tarehe. Amekwenda mara nne. Anasema binti aliandika.

Kwa kuwa tulikosa mwaka 2011, baraza la wazee limekubali jambo moja. Kuanzia Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya maombi ya asubuhi, muuguzi wa magonjwa ya akili na mshauri mmoja watakuwa nasi hadi saa saba mchana. Anayesikia sauti, anayeanguka kifafa, anayetumia vidonge na kutaka kuviacha, amwone muuguzi kabla hajatuona sisi. Mwenye usiku mrefu amwone mshauri, au sisi, au wote wawili. Atakayemshauri mtu aache dawa kwa jina la kanisa hili atasimamishwa huduma, na hilo linatuhusu sisi kwanza. Benchi litawekwa nyuma ya kanisa, upande wa miti, ili anayekuja asionekane na barabara nzima. Majina hayatatangazwa wala hayatasomwa katika maombi.